Meza ya Karani: Kabla ya Kuosha Kompyuta, Toa Vyombo Nje



Juma hili meza yangu yajibu swali moja ambalo nimeulizwa na watu wengi, tena wa namna mbalimbali: walimu, makatibu wa vikundi, wazazi wenye watoto vyuoni, na vijana wa kwaya wanaotunza nyimbo zao ndani ya kompyuta. Swali lenyewe ni hili: "Kompyuta yangu imechoka. Fundi asema sharti ipigwe Windows upya. Je, vitu vyangu vitasalimika?"

Jibu fupi ni hili: vitasalimika kama wewe mwenyewe umevitoa nje kwanza. Ukimwachia fundi na bahati, pengine ndiyo, pengine siyo. Jibu refu nitalieleza leo, polepole na kwa hatua, hata yule asiyegusa kompyuta aweze kumwelekeza mwanawe.

Swali hili limezidi siku hizi, na sababu yake yajulikana. Windows 10, iliyotolewa mwaka 2015 na kuenea katika mashine nyingi mno, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, la. Lakini kampuni ya Microsoft iliacha kuitengenezea masahihisho ya kawaida ya kuziba matundu wanayopitia wezi na virusi. Kwa hiyo wengi wameambiwa wahamie Windows 11, na wengine, ambao mashine zao ni za zamani na Windows 11 haizikubali, wamechagua mfumo mwingine uitwao Linux, ambao hautozwi fedha. Popote watu wanapohama, vyombo hupotea njiani. Ndivyo ilivyo kwa nyumba, na ndivyo ilivyo kwa kompyuta.

NYUMBA NA VYOMBO VYAKE

Ndani ya kompyuta mna vitu vya aina mbili, na yafaa tuvitenganishe vizuri, maana wengi huvichanganya.

Kwanza ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiamsha mashine na kuviongoza vioo, vibonye, sauti na printa. Windows ni mfumo endeshi. Huo ndio nyumba. Pili ni vitu vyako mwenyewe: picha, barua, hesabu, nyimbo, vyeti ulivyopiga picha, kazi za shule. Hivyo ndivyo vyombo vya ndani. Nyumba ikianguka, waweza kujenga nyingine siku hiyo hiyo, tena nzuri zaidi. Lakini picha ya marehemu mama yako hakuna kiwanda duniani kitakachoitengeneza tena.

Sasa, fundi anaposema "nitapiga Windows", aweza kuwa na maana ya mambo matatu yasiyofanana. Sharti umwulize ni lipi.

La kwanza ni kuipandisha ile iliyopo, mathalani kutoka Windows 10 kwenda 11. Hapo vyombo hubaki ndani na nyumba huongezewa ghorofa. Kwa kawaida vitu vyako hukaa salama.

La pili ni kuirudisha Windows katika hali ya upya kwa kutumia mlango uliomo ndani yake yenyewe. Hapo mashine hukuuliza: je, faili zako zibaki, au vyote viondolewe? Ukichagua zibaki, faili zako hukaa, lakini programu ulizojiwekea mwenyewe huondoka zote. Ukichagua la pili, huondoka faili na programu pamoja.

La tatu ndilo liitwalo kusafisha kabisa. Fundi huja na flashi yenye Windows, yenye nafasi isiyopungua GB 8, akaiwasha mashine kwa flashi hiyo, akafuta diski na kuanza moja. Hii ni kubomoa nyumba mpaka msingi. Mara nyingi ndiyo dawa bora ya mashine iliyojaa virusi au iliyoharibika sana, na sina neno nayo. Neno langu ni moja tu: nani abomoaye nyumba kabla ya kutoa vyombo nje?

YALIYOWAPATA WENGINE

Katika kijiji kimoja cha jirani kulikuwa na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Katibu wao, kijana mwenye bidii, alikuwa ameziweka hesabu zote za miaka miwili ndani ya kompyuta yake. Mashine ikawa nzito, akaipeleka mjini kwa fundi. Fundi akauliza, "Kuna kitu cha maana humu?" Kijana, aliyedhani anaulizwa juu ya programu, akajibu, "Hapana." Jioni mashine ikarudi nyepesi kama mpya, na tupu kama mpya.

Jumapili iliyofuata kikundi kilikutana. Nani alikopa kiasi gani? Nani amelipa, nani bado? Maneno yakaanza. Wanawake waliokaa pamoja kama ndugu kwa miaka wakaanza kutazamana kwa mashaka. Kilichowaponya ni vile vijitabu vidogo ambavyo kila mwanachama alitunza nyumbani, chini ya godoro au ndani ya kibati cha chumvi. Kwa muda wa Jumapili tatu walikaa mkekani wakivikusanya, wakisoma kimoja kimoja, mpaka daftari likasimama tena. Fedha ikaonekana. Lakini katika diski ile ile zilikuwamo picha za msiba wa mama yake yule katibu, na sauti yake aliyorekodiwa akiwaaga wanawe. Hizo hazikuwa na kijitabu chochote, nazo hazikurudi.

Tusiwacheke wenzetu wala tusidhani ya kuwa ni ujinga wa kijijini. Mwaka 1998, huko California, Marekani, kampuni ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Siku moja amri ya kufuta ilitolewa kwa makosa katika kompyuta zao, na kazi ya watu wengi ikaanza kutoweka mbele ya macho yao. Wakakimbilia nakala za akiba. Kumbe! Nakala zenyewe zilikuwa na kasoro, wala hapakuwa na mtu aliyekuwa amezijaribu. Kilichowaokoa ni mama mmoja, Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kazi ile, ambaye alikuwa na mtoto mchanga na kwa hiyo alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala ya filamu. Wakaifunga kwa mablanketi kama mgonjwa, wakaileta kwa gari polepole. Filamu ikatoka mwaka 1999.

Hata Microsoft wenyewe hawakusalimika. Mwezi Oktoba mwaka 2018 walitoa toleo jipya la Windows 10, na baada ya siku chache tu wakalazimika kulisimamisha, kwa sababu watu kadhaa waliona faili zao zimefutwa. Na lile lilikuwa la kupandisha tu, siyo la kubomoa. Kwa hiyo, hata ukiambiwa "hii haifuti kitu", fanya nakala kwanza. Tahadhari kabla ya hatari.

ANZA NA KALAMU NA KARATASI

Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hujagusa kibonye hata kimoja, chukua karatasi uandike mna nini ndani ya mashine yako. Kaa na jamaa ya nyumbani, baba, mama na watoto, maana kila mmoja ana lake humo. Mtoto ana kazi zake za chuo. Mama ana picha za ubatizo wa wajukuu. Baba ana barua ya kiwanja. Andikeni yote.

Kisha mvitafute mahali vilipo. Katika Windows vitu vingi hukaa katika folda yenye jina lako, iliyomo ndani ya folda iitwayo Users katika diski C. Humo mna folda za Documents, Pictures, Music, Videos, Downloads na Desktop. Hii ya mwisho wengi huisahau. Desktop ni kile kioo cha mbele unachokiona mashine ikiwaka. Watu hutupa faili pale wakidhani zinaning'inia hewani, kumbe nazo zimo ndani ya diski C na zitafutwa pamoja na nyingine. Downloads nayo hudharauliwa kama jaa, lakini matokeo ya mtihani na barua za kuitwa kazini mara nyingi ndimo zilimo.

Baada ya hapo, tafuteni yale yaliyojificha. Haya ndiyo hulizwa watu, kwa sababu hayaonekani kwa macho:

Alama za kurasa na maneno ya siri yaliyomo katika programu ya kufungulia intaneti, kama Chrome au Firefox. Hizi hukaa katika folda iliyofichwa iitwayo AppData, ambayo huioni mpaka uamuru vitu vilivyofichwa vionekane.

Barua pepe zilizoshushwa katika mashine kwa programu kama Outlook au Thunderbird. Mwenye kusoma barua zake katika ukurasa wa intaneti tu hana hofu, maana zimekaa kwa mwenye huduma. Lakini zilizoshushwa huenda zimo katika diski yako peke yake.

Programu za hesabu za duka au za shule. Nyingi hutunza daftari lao ndani ya folda yao wenyewe, siyo katika Documents. Njia iliyo salama ni kuifungua programu yenyewe na kutafuta mahali pa kutoa nakala ya akiba.

Vibali vya programu zilizonunuliwa. Windows yenyewe, ikiwa ilikuwa halali katika mashine hiyo, kwa kawaida huitambua mashine yake tena ikiunganishwa na intaneti. Programu nyingine hazifanyi hivyo. Namba za kibali ziandikwe karatasini kabla.

Mwisho, ufunguo wa diski. Mashine nyingi za kisasa huifunga diski yote kwa siri, na ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umewekwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafute, uuandike, uuhifadhi mbali na mashine. Siku mashine itakapouuliza nawe huna, vitu vyako vitakuwamo ndani na hutavifikia, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

NAKALA IWEKWE WAPI?

Sasa pimeni uzito wa mzigo. Bonyeza folda kwa kibonye cha kulia cha kipanya, tazama sifa zake, mashine itakuambia ni GB ngapi. Jumlisha, kisha ujue wa kuubeba. Barua na hesabu za miaka mingi hukaa katika flashi moja ndogo. Picha na video ndizo huhitaji diski ya nje.

Jambo dogo lenye kusumbua: flashi nyingi zimeandaliwa kwa namna ya zamani iitwayo FAT32, ambayo haipokei faili moja iliyozidi GB 4. Video ndefu ya harusi itakataliwa hata kama flashi ina nafasi tele. Flashi iandaliwe kwa namna ya exFAT, itapokea. Lakini kumbuka ya kuwa kuiandaa upya kwafuta vilivyomo, kwa hiyo vitolewe kwanza.

Waweza pia kuweka nakala kwenye intaneti. Google hutoa GB 15 bure, na OneDrive ya Microsoft hutoa GB 5. Kwa barua, vyeti na hesabu zatosha. Kwa video, bando litakwisha kabla ya mzigo kufika. Tena, mwenye kutegemea njia hii ahakikishe mambo mawili. Kwanza, neno lake la siri analijua kwa kichwa au kwa karatasi, siyo kwa kuwa mashine hulijaza yenyewe. Pili, namba ya simu aliyoiandikisha huko bado anayo mkononi. Wengine wamefungiwa nje kwa sababu laini ile waliitupa zamani.

Na tahadhari kwa wenye OneDrive: faili yenye alama ya wingu kando yake haimo ndani ya mashine kwa kweli, ni jina lake tu. Ihakikishe kule intaneti, au uishushe kwanza ndipo uinakili.

Watu wenye uzoefu wana kanuni rahisi ya kukumbuka: tatu, mbili, moja. Kila kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae nje ya nyumba. Kwa nini nje? Kwa sababu mwizi achukuaye kompyuta atachukua na flashi iliyo juu yake, na moto hauulizi. Nakala moja ikae kwa shangazi au kwa kaka mkubwa mji mwingine. Si lazima iwe ghali. Jambo kubwa ni kwamba iwepo.

Kanuni hii si ngeni kwetu. Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, maparoko waliagizwa kutunza vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kwamba kila mwisho wa mwaka paroko apeleke kwa Askofu nakala halisi ya vitabu vya parokia. Hapo hapakuwa na kompyuta, lakini akili ni ile ile: nakala moja parokiani, nyingine mbali. Watu waliounguliwa na ofisi walipata kujua tarehe ya ubatizo wao kwa sababu ya agizo kama hilo. Na mpaka leo, katika ofisi za parokia zenye kompyuta, kitabu cha wino ndicho kitabu. Kompyuta ni msaidizi wa kutafuta majina upesi.

NAKALA ISIYOJARIBIWA SI NAKALA

Mkiisha kunakili, msifurahi bado. Ichomeeni flashi au diski ile katika kompyuta nyingine, ya mwalimu au ya jirani, mfungue faili kwa macho yenu. Fungueni picha tano, za mwanzo, za kati na za mwisho. Fungueni hesabu, mtazame kama tarakimu zimo. Chezeni wimbo mmoja mpaka mwisho. Faili yaweza kuonekana jina lake na ndani ikawa imekatika, hasa ikiwa flashi ilichomolewa kwa haraka. Wale wa Pixar walikuwa na nakala nyingi. Walichokosa ni mtu wa kuzijaribu.

Kisha ichukueni ile karatasi ya kwanza, mweke alama kila kitu kilichoonekana. Kisichokuwa na alama hakijatoka nyumbani.

SIKU YENYEWE

Siku ya kazi ikifika, la kwanza ni kuichomoa diski ya nje yenye nakala na kuiweka mbali, hata chumba kingine. Nieleze kwa nini. Wakati wa kusafisha, kioo huonyesha orodha ya diski na vipande vyake kwa namba tu, bila picha wala majina yaliyozoeleka. Fundi mwenye haraka aweza kufuta kipande kisicho chake. Diski isiyochomekwa haiwezi kufutwa kwa makosa.

La pili, iangalieni orodha ile. Mashine nyingi zina diski iliyogawanywa mara mbili, C na D. Windows hukaa C. Mwenye busara huweka vitu vyake D, ili siku ya kusafisha C, D isiguswe. Ni desturi nzuri, nami naisifu. Lakini D si nakala ya akiba! C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Diski ikifa, vyote hufa pamoja. Tena, katika orodha ile fundi akifuta vipande vyote "ili pawe safi", D nayo yaenda. Mwambie kwa kinywa: "C tu." Kisha usimame hapo.

La tatu, kama mtu ameiweka Windows mpya juu ya ile ya zamani bila kufuta kipande, mara nyingi vitu vya zamani husukumwa katika folda iitwayo Windows.old. Ni vema kuijua, imewaokoa wengi. Lakini msiitegemee. Baada ya kupandisha Windows, folda hiyo huondolewa yenyewe siku chache baadaye, kwa kawaida kumi. Mwenye kitu humo akitoe upesi.

La nne, kabla ya kuanza, chomekeni chaja, hasa sisi tunaotumia umeme wa jua. Mashine ikizimika katikati ya kazi hii huweza kukataa kuwaka kabisa. Na kama mashine yako haina njia nyingine ya intaneti ila ya hewani, mwombe fundi aweke tayari katika flashi programu ya kuiendesha sehemu hiyo, maana Windows mpya pengine haitaitambua.

JUU YA FUNDI

Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaotafuta riziki yao, na hapa siwasemi. Lakini kompyuta ya nyumbani ni kama sanduku la mama: mna barua za siri, picha za watoto, hesabu za watu. Kwa hiyo, ikiwezekana, keti karibu naye akifanya kazi. Usimwachie neno la siri la benki wala la barua pepe. Na ukitoa maneno yako ya siri kutoka katika programu ya intaneti ili uyahamishe, fahamu ya kuwa faili hiyo husomeka na yeyote kama karatasi ya kawaida. Usiibebe katika flashi ya kuazimana. Ukiisha kuitumia, ifute.

Tena, mwenye kutunza majina na hesabu za wengine, kama katibu wa kikundi au mwalimu, ajue kwamba hivyo si vyake peke yake. Hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 ikaanza kutumika mwaka 2023, na Kenya walipata yao mwaka 2019. Lakini hata pasingekuwa na sheria, uungwana wataka hivyo: ukikabidhiwa daftari la wenzako, ulitunze kuliko lako.

BAADA YA KUHAMIA

Mashine ikiwaka upya, msirudishe mzigo wote kwa pupa. Kwanza iunganisheni na intaneti ipate masahihisho yake. Kisha pimeni flashi au diski kwa kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, maana kama mashine ya kwanza iliugua, huenda ugonjwa umepanda na mizigo. Rudisheni faili zenu tu, yaani picha, barua, hesabu na nyimbo. Programu zisinakiliwe kutoka kule. Ziwekwe upya kutoka kwa wenyewe.

Na ile nakala? Msiifute. Ikae mwezi mzima walau, mpaka kila mtu wa nyumbani aseme, "Changu nimekiona." Baada ya hapo ibakeni nayo kama akiba, muiongeze mapya kila baada ya muda. Akiba haiozi.

KAMA MAMBO YAMEKWISHA HARIBIKA

Huenda baadhi yenu mnasoma haya kwa uchungu kwa kuwa yamekwisha kuwapata. Basi, shikeni hili: izimeni mashine sasa hivi, wala msiandike kitu kingine juu yake. Kufutwa mara nyingi maana yake ni kwamba nafasi imetangazwa kuwa wazi, na vitu vya zamani vimelala chini mpaka vingine viandikwe juu yao. Kila picha mpya, kila programu mpya, yafukia ile ya zamani. Mpelekeeni fundi mwenye ujuzi wa kufufua faili, na mumwambie afanye kazi hiyo akiitumia mashine nyingine. Katika diski za zamani zenye sahani izungukayo, matumaini yapo. Katika diski mpya za SSD ni madogo, kwa kuwa zenyewe huyasafisha mabaki upesi. Nasema hivi ili msiahidiwe makubwa na mtu mwenye kutaka fedha.

Kisha tazameni kwingine. Picha ile pengine mlimtumia shangazi kwa simu. Wimbo ule pengine mwanakwaya mwingine anao. Barua ile pengine imo bado katika barua pepe zilizopelekwa. Kabla ya kulia, piga simu kwa jamaa.

Ndugu zangu, haya yote hayahitaji mtu wa chuo kikuu. Yahitaji jioni moja, flashi moja, karatasi moja, na mtu asiye na haraka. Wengi wetu twangoja mpaka mashine ianze kukoroma ndipo tukumbuke vyombo vilivyomo. Jumamosi hii, kazi za shamba zikiisha, mkae watu wa nyumba moja muandike ile orodha. Na kama hamna kompyuta, ifanyeni kazi hiyo hiyo kwa simu yenu, kwa maana nayo ina picha, nayo huanguka mtoni.

Wenye maswali zaidi walete kwa karatasi, nitajibu kwa zamu katika ukurasa huu. Kaeni salama.

Karani wenu